Akiba ya Asha: uchambuzi wa kisa cha fiksicha moja iliyotumiwa na majaribio yote

Kisa hiki kilitokea katika programu ya kuendeshea chama cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam, nami nilikuwa mmoja wa watu wanne tulioiandika. Chama chenyewe sikitaji, wala kampuni iliyotuajiri, kwa kuwa kosa lilikuwa katika msimbo wetu na walioutumia hawakuwa na hatia yoyote. Nimeona nikiandike kwa urefu kwa sababu moja. Kila inapozungumzwa hatari ya majaribio ya programu, yaani vipande vya msimbo vinavyokagua kama msimbo mwingine unafanya kazi sawasawa, kushirikiana maandalizi, watu hutaja usumbufu wa majaribio yanayofeli bila sababu, lakini hasara iliyotupata sisi ilikuwa ya namna nyingine. Jaribio letu moja lilifeli kwa sababu ya kweli kabisa, likatuonyesha dosari iliyokuwa mbele ya macho yetu, nasi hatukulisadiki, kwa kuwa tulikwisha kuzoea kwamba jaribio likifeli, wa kulaumiwa ni jaribio lililotangulia.

Dosari ilionekana kwanza mezani kwa mhasibu wa chama. Kanuni ya chama hicho, kama ilivyo kwa vyama vingi vya aina yake, humruhusu mwanachama kukopa hadi mara 3 ya akiba yake. Mwanachama mmoja aliomba mkopo akiwa na akiba ya shilingi 400,000, na programu ikachapa kwenye fomu yake kwamba kikomo ni shilingi 1,800,000. Mhasibu ni mama wa makamo ambaye hakokotoi kwa mashine kitu anachoweza kukikokotoa kichwani, na kabla hajatia saini aliona kuwa 400,000 mara 3 haiwezi kuzidi 1,200,000. Akaiweka fomu pembeni, akatupigia simu. Siku mbili kabla ya hapo mwanachama huyo alijaribu kuweka shilingi 200,000 kwa simu, muamala ukakwama njiani, na katika hifadhidata yetu amana hiyo ikabaki na hali ya «inasubiri». Programu iliihesabu kana kwamba fedha zimekwisha kuingia, ikazidisha mara 3, na hapo ndipo zilipotoka zile 600,000 za ziada.

Sehemu ya msimbo iliyohusika ilikuwa fupi:

    def kikomo(self, jina):
        amana = self.amana_za(jina)
        return 3 * sum(a.kiasi for a in amana)

Kilichokosekana ni sharti moja, kwamba zihesabiwe amana zilizothibitishwa tu. Kuliongeza kulichukua dakika tano pamoja na kuandika maelezo ya badiliko. Swali lililotuweka ofisini hadi jioni ni jinsi majaribio yetu yapatayo 200, ambayo yalikuwa yakiendeshwa kila mtu alipotuma msimbo na ambayo asubuhi ile yote yalikuwa ya kijani, yaani yamefaulu, yalivyoweza kunyamaza juu ya jambo ambalo mama mmoja mwenye kalamu aliliona kwa sekunde chache.

Jibu lilikuwa katika fiksicha. Kwa asiyelizoea neno hili, fiksicha ni hali inayojulikana ambayo jaribio husimama juu yake: data iliyokwisha kuwekwa, vitu vilivyokwisha kuundwa, faili zilizo mahali pake, ili jaribio likipima jambo moja, mengine yote yawe yametulia. Neno lenyewe limetoka karakana, ambako ni jina la kifaa kinachoshikilia kipande kinachochongwa kisicheze, jamaa wa jiliwa la seremala. Kent Beck alilitumia mwaka 1994 alipoeleza namna ya kuandika majaribio katika lugha ya Smalltalk, na wazo hilo likahamia JUnit, zana ya majaribio ya lugha ya Java, ambayo yeye na Erich Gamma waliianza mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege. Lugha ya Python ilipata moduli ya unittest katika toleo la 2.1, mwaka 2001, ikiwa na setUp ya kuandaa kabla ya kila jaribio na tearDown ya kusafisha baada yake. Katika JUnit na unittest kuna uamuzi mmoja ambao nilichelewa sana kuuelewa: kila jaribio hupewa nakala yake mpya ya klasi, yaani fungu la majaribio yaliyoandikwa pamoja, hata kama klasi moja ina majaribio 30, ili kitu kilichowekwa kwenye nakala hiyo na jaribio la kwanza kisionekane na la pili. Waasisi wake hawakufanya hivyo kwa kupenda ufujaji. Waliona kwamba maandalizi yanaweza kuandikwa mara moja na kutekelezwa mara nyingi, na kwamba kuandika mara moja na kutekeleza mara moja ni mambo mawili tofauti.

Sisi tulitumia pytest, zana nyingine ya majaribio ya Python, ambayo njia yake ni nyingine kidogo. Fiksicha ni funksheni yenye jina, na jaribio huiomba kwa kulitaja jina hilo miongoni mwa vigezo vyake. Pytest huitekeleza, humkabidhi mwombaji kilichotengenezwa, na kama fiksicha ilitumia yield badala ya return, huirudia baada ya jaribio ili isafishe. Kila fiksicha ina wigo, yaani mipaka ambayo ndani yake kilichotengenezwa hutumiwa tena bila kutengenezwa upya. Usipotaja wigo, pytest huitekeleza upya kwa kila jaribio. Ukitaka, unaweza kuupanua uwe wa klasi, wa moduli, wa kifurushi, au wa kipindi kizima cha uendeshaji. Kupanua wigo ni suala la kuongeza neno moja. Wepesi huo ni fadhila kubwa ya pytest, na katika kisa chetu ndiko tulikoteleza.

Hii ndiyo fiksicha yetu, nikiwa nimeondoa mistari isiyohusika:

    @pytest.fixture(scope="session")
    def chama():
        c = Chama(jenga_hifadhidata())
        c.sajili("Asha", akiba=300_000)
        c.sajili("Juma", akiba=120_000)
        c.sajili("Neema", akiba=0)
        return c

Sitaki kumwonea aliyeiandika, kwa maana sababu yake ilikuwa nzuri. Funksheni ya jenga_hifadhidata ilikuwa ikiunda hifadhidata mpya ya PostgreSQL na kuipitisha katika mabadiliko yote ya majedwali tangu mradi ulipoanza, kazi iliyochukua sekunde 9 kwenye kompyuta zetu. Sekunde 9 zikirudiwa kwa majaribio 200 ni sekunde 1,800, yaani nusu saa, na hakuna mtu anayesubiri nusu saa ili ajue kama mstari mmoja alioubadilisha umeharibu kitu. Kwa hiyo akaandika session, yaani wigo wa kipindi kizima, na nusu saa ikawa sekunde 24. Tulishangilia siku ile. Asichokiona, wala sisi hatukukiona, ni kwamba funksheni yake ilifunga pamoja vitu viwili visivyo na asili moja. Majedwali ni gharama kubwa kuyajenga na hakuna jaribio linaloyabadilisha, hivyo hayana ubaya kushirikiwa. Asha, Juma na Neema, wanachama wetu wa kubuni, ni rahisi mno kuwaumba, milisekunde chache tu, na karibu kila jaribio linawagusa. Ni kama seremala aliyeona jiliwa ni ghali, akaamua kuliacha limefungwa na kipande kilekile cha mbao, kila fundi anayekuja akichonga palepale alipoishia mwenzake.

Tangu siku hiyo Asha alikuwa mmoja kwa majaribio yote. Pytest hukusanya faili kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo test_amana.py ilitangulia test_mkopo.py daima, na lolote ambalo majaribio ya amana yalimtendea Asha, majaribio ya mikopo yalilikuta. Moja kati ya majaribio ya amana lilikuwa hili:

    def test_amana_ya_simu_husubiri(chama):
        amana = chama.weka("Asha", 50_000, njia="simu")
        assert amana.hali == "inasubiri"

Neno assert hudai kwamba kinacholifuata ni kweli, na kisipokuwa kweli jaribio hufeli. Ni jaribio zuri. Linaeleweka, linapima jambo moja, na jina lake linasema linachopima. Lakini likimaliza linamwacha Asha na amana ya shilingi 50,000 ambayo haijathibitishwa, na hakuna wa kuiondoa.

Wiki kadhaa baadaye mmoja wetu aliandika jaribio la kikomo cha mkopo. Akafungua fiksicha, akaona Asha ana 300,000, akazidisha mara 3, akaandika kwamba anatarajia 900,000. Akaendesha majaribio yote. Hilo moja likafeli: lilitarajiwa 900,000, likapatikana 1,050,000.

Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu dakika chache zilizofuata ndizo kisa chenyewe. Mwenzetu alifanya uchunguzi, hakukurupuka. Alitafuta tofauti ya 150,000, akaigawanya kwa 3, akapata 50,000, akatafuta 50,000 katika faili za majaribio, akaikuta kwenye jaribio la amana ya simu. Hesabu ikakubali. Kwa hiyo, akasema moyoni, Asha sasa ana 350,000 kwa sababu jaribio la amana limemwongezea, na kikomo chake halali ni 1,050,000. Alikuwa amekwisha kuona mambo ya namna hii mara nyingi katika mradi wetu, na mara zote ilikuwa ni uchafu wa jaribio lililotangulia. Akabadilisha namba, akatuma badiliko likiwa na maelezo «rekebisha thamani inayotarajiwa»:

    -    assert chama.kikomo("Asha") == 900_000
    +    assert chama.kikomo("Asha") == 1_050_000

Mimi ndiye niliyelipitia badiliko hilo na kulikubali. Nilimuuliza sababu, akaniambia ni ile amana ya jaribio lingine, nami nikaona ni maelezo yanayotosha. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwa amana ile ilikuwa ikisubiri. Ingawa jaribio la amana lilikuwa limechafua akiba ya Asha, uchafu huo haukupaswa kubadilisha kikomo chake hata kwa senti moja, kwa maana fedha zisizothibitishwa si akiba. Jibu sahihi lilikuwa 900,000 kabla ya amana na 900,000 baada yake. Kwa bahati tu, mpangilio wa majina ya faili ulikuwa umetutengenezea hali ileile iliyokuja kumkuta yule mwanachama, amana ya simu iliyokwama ikifuatiwa na ombi la mkopo, na jaribio likapiga yowe. Tukaligeuza jaribio liwe mtetezi wa dosari. Tangu hapo mtu ambaye angerekebisha kikomo angekuta jaribio jekundu likimwambia kuwa amekosea.

Nimefikiri sana kwa nini tulikosea pamoja, watu wawili tuliokuwa makini, na sidhani kuwa uzembe unatosha kueleza. Fiksicha ile ilikuwa imetupa maelezo ya bure kwa kila kufeli. Mahali ambapo kila jaribio linaanza na hali yake safi, namba isiyotarajiwa ina chanzo kimoja tu, nacho ni msimbo unaopimwa au jaribio lenyewe, na mtu hana budi kusoma mistari kumi iliyo mbele yake mpaka aelewe. Mahali ambapo majaribio 200 yanagusa vitu vilevile, namba isiyotarajiwa inaweza kuwa imetoka popote, na akili ya mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni huchagua njia fupi. Tulikuwa na alama ya hatari inayolia kila siku kwa moshi wa jikoni, na siku moto ulipowaka kweli tuliifuata jikoni vilevile.

Onyo la pili lilikuja kupitia mwenzetu mgeni, binti aliyejiunga nasi miezi michache baadaye. Yeye alikuwa na desturi nzuri ya kuendesha faili moja tu anayoifanyia kazi, na siku yake ya tatu aliniita.

«Kaka, hili jaribio la kikomo kwangu linafeli. Linataka 1,050,000, mimi napata 900,000.»

«Usiliendeshe peke yake, dada,» nikamjibu. «Endesha yote, litapita.»

Akaendesha yote, likapita, akanishukuru. Nakumbuka maneno hayo kwa uchungu, kwa sababu siku hiyo kompyuta yake ilikuwa imeonyesha namba sahihi na mimi nikamfundisha namna ya kuifanya isionekane.

Baada yake tulijaribu kuharakisha majaribio kwa pytest-xdist, ambayo huyagawa kwa michakato kadhaa inayokwenda sambamba. Kila mchakato una kipindi chake, kwa hiyo fiksicha yenye wigo wa kipindi hutekelezwa mara moja katika kila mchakato. Kwa michakato minne tulipata akina Asha wanne. Majaribio hugawiwa kadiri michakato inavyopata nafasi, na jaribio la kikomo likawa linafaulu linapoangukia mchakato uliotangulia kupewa jaribio la amana, na kufeli linapoangukia mwingine. Siku moja lilifaulu mara tatu na kufeli mara mbili bila mtu kugusa msimbo. Tuliandika katika kumbukumbu za mradi kwamba zana hiyo haijakomaa kwa mahitaji yetu, tukaiondoa. Ilikuwa imekomaa kabisa. Ilitueleza kwamba majaribio yetu yana siri kati yao, nasi tukamfukuza mleta habari.

Baada ya simu ya mhasibu hatukuanza kwa kuandika fiksicha mpya. Tulitaka kwanza kujua uchafu umefika wapi, na njia tuliyoichagua ilikuwa ya kizamani lakini ya uhakika: tuliandika amri fupi iliyochukua orodha ya majaribio yote na kuendesha kila moja peke yake, kwenye mchakato wake, na hifadhidata yake mpya. Ilichukua zaidi ya nusu saa, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi tulikuta majaribio 19 yamefeli. Kisha tukaweka pytest-randomly, ambayo huchanganya mpangilio wa majaribio na kuonyesha mbegu, yaani namba iliyoanzisha uchanganyaji huo, ili mtu aweze kuurudia mpangilio uleule, tukaendesha mara kadhaa, na majina yaliyojitokeza yakawa karibu yaleyale.

Kati ya hayo 19, majaribio 17 yalikuwa tegemezi wa kawaida: yalihitaji kitu kilichotengenezwa na jaribio jingine, na yalipopewa maandalizi yao wenyewe yalifaulu. La kumi na nane lilikuwa la kikomo. La mwisho lilihusu wadhamini. Lilipaswa kuthibitisha kwamba mtu hawezi kumdhamini mwombaji mmoja mara mbili, lakini mwandishi wake alikuwa amesahau kumfanya Juma amdhamini Neema mara ya kwanza. Lilifaulu siku zote kwa sababu udhamini wa kwanza ulikuwa umeachwa na faili nyingine. Kwa bahati msimbo wa wadhamini ulikuwa sahihi.

Kulikuwa na jaribio la ishirini ambalo hakuna zana iliyolikamata, tulilipata kwa kusoma tu:

    def test_riba_haizidi_kiwango(chama):
        for mkopo in chama.mikopo("Neema"):
            assert mkopo.riba <= KIWANGO_CHA_JUU

Katika mpangilio wa kawaida Neema alikuwa na mikopo miwili aliyoipewa na majaribio mengine, na riba yake ilikaguliwa. Likiendeshwa peke yake Neema hana mkopo wowote, kitanzi hakizunguki hata mara moja, na jaribio linafaulu bila kukagua kitu. Jaribio la namna hii linanisumbua kuliko yale 19, kwa sababu likiwa na uchafu lina maana na likiwa safi halina. Yeyote anayekusudia kutenganisha majaribio yaliyokuwa yakishirikiana asitosheke na rangi ya kijani. Asome kila kitanzi na ajiulize kinazunguka juu ya nini.

Matengenezo yenyewe yalikuwa kuivunja fiksicha mahali pale ilipopaswa kuwa imevunjika tangu mwanzo. Majedwali yalibaki na wigo wa kipindi, kwenye fiksicha tuliyoiita injini, na zile sekunde 9 zikaendelea kulipwa mara moja. Juu yake tukaweka nyingine yenye wigo wa jaribio moja:

    @pytest.fixture
    def hifadhidata(injini):
        muunganisho = injini.connect()
        muamala = muunganisho.begin()
        kikao = Session(bind=muunganisho,
                        join_transaction_mode="create_savepoint")
        yield kikao
        kikao.close()
        muamala.rollback()
        muunganisho.close()

    @pytest.fixture
    def chama(hifadhidata):
        return Chama(hifadhidata)

Kila jaribio linafunguliwa muamala wa hifadhidata, yaani fungu la mabadiliko yanayoidhinishwa yote au kutenguliwa yote, kabla halijaanza, na likimaliza muamala wote unatenguliwa, hata kama jaribio limefeli katikati, kwa sababu mistari iliyo chini ya yield hutekelezwa kwa vyovyote vile. Kutengua muamala ni jambo la milisekunde. Ule mpangilio wa create_savepoint, uliokuja na toleo la 2.0 la SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, ulituokoa na tatizo ambalo lingetupotezea siku nzima: msimbo wetu wa amana huidhinisha muamala wenyewe kila anapoweka mtu fedha na huutengua kosa likitokea, na utenguaji huo ungefika hadi muamala wa nje na kufuta data yote ya jaribio katikati ya kazi. Kwa mpangilio huo, msimbo hudhani umeidhinisha au umetengua muamala wote, kumbe umegusa nukta ndogo tu iliyo ndani ya muamala mkubwa ambao bado tunaushika mkononi.

Usafi wa namna hii una tundu moja ambalo lilitushangaza. Majaribio mawili yalikuwa yakitarajia namba ya uanachama iwe 1, yakaendelea kufeli ingawa jedwali lilikuwa tupu kabisa. PostgreSQL hairudishi nyuma mfululizo wa namba muamala unapotenguliwa. Namba iliyokwisha kutolewa imetolewa. Tulirekebisha majaribio yenyewe, kwa kuwa chama hakijali kama namba ni 1 au 57, kinajali tu kwamba wanachama wawili wasipewe namba moja.

Majina ya Asha, Juma na Neema tuliyaondoa kabisa katika fiksicha. Huu ndio uamuzi tulioubishania zaidi, na mkubwa wetu, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi ya kazi hii, aliupinga kwa hoja zenye uzito. Alisema tukimsajili Asha ndani ya kila jaribio tutarudia mstari uleule mara 80, na kwamba siku kanuni ya usajili ikibadilika tutazunguka faili zote. Jibu letu kwa hoja ya pili lilikuwa rahisi: mambo yote ya usajili yasiyohusu jaribio, kama namba ya simu, tarehe na tawi, yamewekwa ndani ya funksheni ya sajili kama thamani za kawaida, hivyo yakibadilika yanabadilishwa mahali pamoja. Hoja ya kwanza tuliikubali na tukachagua kurudia. Hili ndilo jaribio la kikomo lilivyo leo:

    def test_amana_inayosubiri_haiongezi_kikomo(chama):
        chama.sajili("Asha", akiba=300_000)
        chama.weka("Asha", 50_000, njia="simu")
        assert chama.kikomo("Asha") == 900_000

Anayelisoma haendi popote kutafuta 300,000 imetoka wapi. Namba inayoingia na namba inayotoka ziko macho kwa macho, na mtu anayetaka kubadilisha 900,000 kuwa 1,050,000 atalazimika kwanza kuueleza mstari wa katikati. Katika toleo la zamani namba hizo zilikuwa katika faili tatu tofauti, na nina hakika kwamba kama mistari hii mitatu ingekuwa pamoja siku ile nilipokuwa nikipitia badiliko, neno «simu» lingenisimamisha. Tangu hapo nimekuwa nikilipima swali la kushirikiana maandalizi kwa kigezo hiki: kama thamani inatajwa katika assert, au inahitajika ili mtu aelewe assert, basi ikae ndani ya jaribio, hata kama inarudiwa mara 80. Iliyobaki ifichwe kwenye fiksicha bila wasiwasi.

Mkubwa wetu alikubali tulipomwonyesha muda. Majaribio yote yalichukua sekunde 31, kutoka 24. Tuliporudisha pytest-xdist, safari hii bila tatizo, ikawa sekunde 17, kwa kuwa kila mchakato ulilipa zile 9 zake na baada ya hapo ukaenda kasi.

Bado tuna fiksicha moja yenye data na wigo wa kipindi, nayo tumeiacha kwa makusudi. Majaribio ya ripoti za mwaka yanahitaji miamala elfu kadhaa ya miezi 12, na kuiumba upya kwa kila ripoti kungerudisha ile nusu saa. Data hiyo ina hifadhidata yake peke yake, na baada ya kujazwa, muunganisho unaokabidhiwa kwa majaribio hufunguliwa kwa hali ya kusoma tu, ili jaribio likijaribu kuandika, PostgreSQL yenyewe ikatae na jaribio lifeli palepale mbele ya aliyeliandika. Imekwisha kutokea mara moja. Yule binti aliyeniita siku yake ya tatu aliongeza ripoti iliyokuwa ikiandika tarehe ya mwisho ya kutazamwa, akapata kosa jekundu la kukataliwa kuandika. Hakuniita. Aliitoa ripoti yake katika fiksicha ya pamoja, akaiumbia miamala 6 iliyoitosha, akaandika katika maelezo ya badiliko kwamba ripoti hii hubadilisha data na isirudishwe kule.

Kwa mhasibu tulipeleka toleo jipya siku iliyofuata simu yake. Alifungua fomu ya yule mwanachama mbele yetu, akaona 1,200,000, kisha akatutaka tumchapie orodha ya wanachama wote waliokuwa na amana za simu zinazosubiri, pamoja na vikomo vyao vya zamani na vipya, akakaa nayo na kalamu mstari kwa mstari hadi saa tisa. Walikuwa 11. Hakuna aliyekuwa amekopa.